Mwanamke Asiye na Kadi

Mwarandu hakupiga hodi. Alipita ubavuni mwa nyumba mpaka uani, akasimama mbele ya mche wa mnazi ambao ulikuwa haujamfika magotini, akautazama kama anayetazama mwizi aliyelala.

"Nani kapanda huu?"

Nyamvula alikuwa kaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mtoto yu kifuani ananyonya. "Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Mwarandu, wewe si mgeni. Wajua kilichozikwa hapo chini."

Alijua. Kwao wote wawili, mtoto akizaliwa kondo lake huzikwa karibu na nyumba na juu yake hupandwa mnazi, mtoto na mti wake wakue pamoja. Mwarandu mwenyewe alikuwa na mnazi wake huko Kaloleni, na akishalewa huusifu kama mtu anayemsifu ndugu yake. Lakini hapa Kisauni alikuwa msimamizi wa shamba la Sheikh Ghanim. Nyumba zilizokuwamo shambani zilikuwa za watu waliozijenga: boriti zao, makuti yao, kuta walizozikandika kwa mikono yao. Ardhi iliyo chini ndiyo ilikuwa ya Sheikh, na kila mwezi watu waliilipia kodi ili nyumba zao ziendelee kusimama juu yake.

"Panda mchicha, panda muhogo, hakuna atakayekuuliza," alisema Mwarandu. "Mti wa kudumu ni wa mwenye ardhi. Hilo mliambiwa siku mliyoingia."

"Ni mnazi wa mtoto."

"Mnazi ni mnazi."

Akauinamia, akaushika shingo kwa mikono miwili na kuuvuta. Haukutoka mara ya kwanza. Akapanua miguu, akavuta tena, ukatoka pamoja na nazi yake na mizizi myeupe iliyokuwa imeanza kushika. Nyamvula alihisi maziwa yakikatika. Mtoto aliacha kunyonya, akalia. Mwarandu akasukumia mchanga shimoni kwa mguu, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Haya. Na kadi za kura, zote tatu. Sheikh anakusanya za wapangaji wote azihifadhi kwake zisije zikapotea. Siku ya kura litakuja lori, kila mtu atapewa yake."

Masha, mume wa Nyamvula, alikuwa mlangoni tangu mche unang'olewa. Yeye alikuwa mkwezi. Kutwa huikwea minazi ya Sheikh, jioni hushuka na kifua kilichochubuka. Aliingia ndani, akatoka na kadi tatu: yake, ya baba yake, na ya mkewe. Akazitoa kwa mikono miwili, kama anayempa mkubwa wake kikombe cha kahawa.

Nyamvula aliitazama ile mikono miwili, akainamisha kichwa kumtazama mtoto ili asiendelee kuitazama.

Kesho yake asubuhi alioga, akajifunga leso mpya, akamweka mtoto mgongoni na kuubeba ule mche mpaka dukani kwa Sheikh Ghanim, karibu na barabara ya Malindi. Mzizi ulikuwa bado mbichi. Alifikiri, nikimweleza mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu, ataelewa.

Sheikh alikuwa barazani na wenzake wawili. Ukutani nyuma yake palibandikwa picha yake kubwa, na chini ya picha mchoro wa taa. Ule ulikuwa mwaka wa sitini na tatu, uchaguzi ambao mtu mzima yeyote aliandikishwa, mke kwa mume, bila kuulizwa mali wala elimu. Sheikh Ghanim aligombea kiti cha kata kwa alama ya taa. Mshindani wake alikuwa Nicanor, fundi wa bandarini, kwa alama ya kikapu.

Nyamvula alivua ndara chini ya ngazi. "Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mtoto hajambo? Na mzee, kifua chake kimepoa?"

Aliuliza yote, na akangoja kujibiwa yote. Adabu yake haikuwa na pahali ambapo mtu angeweza kuishika akaivuta.

"Nimekuja kuomba niurudishe mnazi huu, Sheikh. Ni wa kondo la mtoto. Hata ukizaa, nazi zitakuwa zako. Sisi twataka mti tu."

Sheikh aliupokea, akaupapasa majani. "Mimi sina ubaya na mtoto, mwanangu. Lakini leo wasema hapa pana kondo la mtoto. Kesho utasema hapa pana kaburi la babu. Kesho kutwa utakuja na wakili. Ardhi ya watu huanza kuondoka hivi hivi, kwa machozi." Akauegemeza mche ukutani, upande wake. Kisha akamwita mtumishi wa duka. "Mfungie halua mtoto huyu."

"Hana meno, Sheikh."

"Basi kula wewe."

Wale wenzake walicheka, si kwa ubaya, walicheka kama watu wanaocheka barazani. Nyamvula akapokea halua iliyofungwa kwenye karatasi.

"Na kura," Sheikh akauliza kwa upole, "wajua utampa nani?"

Jibu lilikuwa moja na kila mtu alilijua. Lakini lilipofika kooni lilisimama kidogo, na katika kusimama huko Nyamvula aliyainua macho, yakakutana na ya Sheikh.

"Nitakupa wewe, Sheikh," akasema.

Alikuwa amechelewa. Alipoondoka, Sheikh alimwita Mwarandu, akamnong'oneza sikioni. "Kadi ya mwanamke huyu isionekane."

Njiani Nyamvula aliifungua ile halua akikusudia kuitupa mtaroni. Hakuitupa. Alikuwa ananyonyesha na hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, basi akaila yote, akalamba na karatasi. Ilikuwa tamu. Utamu wenyewe ndio uliomuudhi kuliko kicheko cha wale wazee, na alipofika nyumbani alikuwa tayari anajua anachokitaka.

"Nataka ashindwe," alimwambia mumewe jioni, anamenya muhogo. "Ashindwe mpaka aone haya kutoka nje. Na ashindwe kwa kura moja, iwe yangu."

"Punguza sauti, mke wangu."

"Nimepunguza."

"Na huyo wa kikapu wamjua? Wajua hata anakaa wapi?"

"Simjui. Hata wangesimamisha kikapu chenyewe, kitupu, ningekipa."

Kutoka upande wa pili wa ua kikasikika kikohozi kilichoficha kicheko. Alikuwa mzee Thoya, baba yake Masha, kaketi kwenye kigoda chake kawapa mgongo. Hivyo ndivyo walivyoishi. Mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na maneno yao huyapitisha kwa mtu mwingine au huyatupa hewani tu. Na jina la mkwe halitajwi. Tangu aolewe, Nyamvula hakuwahi kulitamka hata peke yake kisimani. Mtoto naye, kama desturi, alipewa jina la babu yake, kwa hiyo mamake hakuweza kumwita mwanawe kwa jina. Alimwita Mgeni.

"Nyumba hii ina mtu aliyekasirika," mzee aliuambia mkungu wa ndizi. "Na aliyekasirika hapaswi kumenya muhogo, atajikata."

Milcah alikuwa ameingia uani wakati huo. Alikuwa mtu wa Maseno, mumewe alifanya kazi relini, na jioni aliwafundisha kina mama kusoma kwenye kibaraza chake. Nyamvula alianza kwake akiwa na mimba, na sasa alikuwa anasoma gazeti, polepole, kwa kidole.

"Mwalimu," Nyamvula alimuuliza, "nikishatia alama, nani ataiona?"

"Hakuna. Watia nyuma ya pazia, wakunja, watumbukiza. Hata serikali haijui."

"Basi yeye hatajua kama ni mimi?"

"Ndiyo uzuri wake. Hatajua."

"Nataka ajue."

Milcah akacheka. "Hicho hawakukiweka kwenye karatasi, mama."

Masha hakucheka. "Akijua, tutalala wapi?" Nyamvula alitupa ganda la muhogo kwenye lile shimo lililofukiwa, kisha akainuka kwenda kuliokota.

Siku ya kura lori lilikuja mapema, limefungwa matawi ya minazi kwenye boneti. Nyuma ya nyumba ya Sheikh masufuria ya pilau yalikuwa jikoni, na harufu ilitembea shamba zima. Mwarandu alisimama juu ya lori na kopo la biskuti lililojaa kadi. Kijana wa duka alisoma majina, Mwarandu akagawa, na kila aliyepewa alipanda.

"Bi Kuluthum binti Mahfudh."

"Abee. Nishikeni mkono, magoti yangu hayampigii mtu kura." Bi Kuluthum alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na Nyamvula, mpika vitumbua, mtu wa mji hasa. Tena alikuwa na udugu na Sheikh mwenyewe, na bado alilipa kodi ya ardhi kama wengine na aliandikiwa adhabu akichelewa kama wengine. Walimkalisha juu ya gunia.

Masha akaitwa, mzee Thoya akaitwa. Kopo likaisha.

"Na yangu?" Nyamvula akauliza.

Mwarandu akalipindua kopo, akaligonga chini. "Haimo. Labda panya."

"Panya wa huko kwenu wamesoma," Bi Kuluthum akasema kutoka kwenye gunia lake. "Wanakula wanayemtaka."

Watu wakaangua kicheko. Mwarandu akapiga bodi la lori kwa kiganja. "Mwenye kadi apande. Asiye na kadi abaki, atunze mtoto. Kura si arusi ya kwenda kutazama."

Masha aliweka mguu mmoja chini kutaka kushuka. Nyamvula akamwona, na akaona pia macho ya Mwarandu yanavyomngoja ashuke.

"Panda," akamwambia mumewe. "Mimi nina miguu."

Lori likaondoka na nyimbo. Nyamvula akamkaza mtoto mgongoni, akalifuata vumbi lake kwa miguu. Milcah alikwisha kumwambia kwamba kadi ni njia ya mkato tu, jina likiwemo kwenye daftari mtu ana haki ya kuulizwa. Njia nzima alijirudia neno hilo, haki ya kuulizwa, na kila alipolisema aliona uso wa Sheikh barazani na ule mche umeegemezwa upande wake.

Kituo kilikuwa shuleni. Mstari ulitoka darasani, ukapita uwanjani mpaka kwenye kivuli cha ukuta. Waliokuja na lori walikwisha kupiga kura. Mzee Thoya peke yake alikuwa bado kaketi chini, kofia yake gotini, kadi ndani ya kofia. Alipomwona mke wa mwanawe akiingia mstarini, naye akainuka akaingia nyuma, akaacha nafasi ya watu wawili katikati yao, kama heshima inavyotaka.

Ndani, msimamizi wa kituo alikuwa kijana wa bara, soksi ndefu, sauti imekauka kwa kuuliza yale yale. Pembeni yake waliketi mawakala wa wagombea. Wakala wa taa alikuwa Mwarandu.

"Kadi, mama."

"Imepotea. Jina langu limo kwenye daftari. Nyamvula wa Chaka."

Msimamizi akafunua, akashuka na kidole. "Limo. Kuna wakala anayemtambua mama huyu?"

Wakala wa kikapu alikuwa mgeni kutoka Changamwe, akatikisa kichwa. Msimamizi akamgeukia Mwarandu.

Mwarandu alikuwa akiingia uani kwa Nyamvula kila mwezi kuchukua kodi. Alikunywa maji ya mtungi wake. Siku mtoto alipozaliwa alikula wali wa uzazi. Alimtazama Nyamvula kuanzia kwenye leso mpaka kwenye vumbi la miguu.

"Simtambui," akasema.

Mstarini nyuma pakapita mnong'ono.

"Basi nitamuuliza yaliyoandikwa," msimamizi akasema. "Mama, mume wako anaitwa nani?"

"Masha."

"Jina kamili. Masha wa nani?"

Nyamvula akanyamaza.

"Ndiyo, muulize hilo," Mwarandu akasema, na sauti yake ikawa tamu ghafla. "Daftari limeandika boma la nani. Mke wa mtu ashindwe kumjua baba wa mumewe? Akilitaja, bwana mkubwa, mimi sina neno tena."

Ni mtu wa kwao tu ambaye angeweza kuupata mtego huo. Msimamizi hakuuona. Aliona mwanamke anaulizwa jina la mkwewe na hajibu. "Mama, watu wanangoja. Hulijui?"

"Nalijua."

"Basi sema."

"Naomba kalamu niliandike."

"Hata kasuku hufundishwa," Mwarandu akasema haraka. "Mtu aweza kufunzwa kuchora herufi. Ajibu kwa mdomo."

Msimamizi akasita, akatazama mstari, akatazama saa. "Kwa mdomo, mama. Ndivyo tulivyoagizwa."

Mzee Thoya alipiga hatua mbele. "Kijana, mimi ndiye..."

"Mzee, rudi mstarini. Ukimjibia namtoa yeye na wewe."

Mzee akarudi. Nyamvula hakugeuka, lakini alimjua alipo, alimhisi kwenye mgongo wake kama mtu anavyohisi jua. Angeweza kwenda nyumbani. Hakuna ambaye angemlaumu. Wangesema, mwanamke mwenye heshima zake, amepoteza kura lakini hakupoteza adabu, na wale wote wangekula pilau la Sheikh na kumsifu. Alimtazama Mwarandu. Yule msimamizi wa shamba alikuwa ameegemea kiti, mikono imefumbatana tumboni, mikono ile ile, na kwenye pembe ya mdomo alikuwa na tabasamu dogo la mtu ambaye amemaliza kazi.

"Thoya," akasema.

"Kwa sauti. Mawakala wote wasikie."

"Thoya wa Baya. Baba wa mume wangu ni Thoya wa Baya. Mume wangu ni Masha wa Thoya. Na huyu niliyembeba ni Thoya wa Masha." Akamgeukia Mwarandu. "Niongeze, au umeshiba?"

Wanawake mstarini walijiziba midomo kwa leso. Mzee Thoya alivuta shuka lake, akajifunika uso wote, akasimama hivyo kama mtu anayepitiwa na jeneza. Msimamizi alitia alama kwenye daftari kwa wino, akamkabidhi Nyamvula karatasi. Kwake lilikuwa jina tu.

Nyamvula akaingia nyuma ya pazia. Alitia alama yake kwenye kikapu, mistari miwili, akaikandamiza. Kisha kalamu ikahamia kwenye taa. Alitaka kuichoma ile taa, kuikwaruza mpaka karatasi itoboke. Ncha ilikuwa imekwisha kugusa karatasi alipokumbuka neno la Milcah, kwamba karatasi yenye alama mbili hutupwa. Akainua kalamu taratibu, kama mtu anayeondoa mkono kwenye mtoto aliyelala, akakunja karatasi.

Alasiri alimkamata kuku wake wa pekee aliyekuwa akitaga, akamfunga miguu. Akapiga magoti umbali unaostahili nyuma ya kigoda cha mzee, akamsukuma kuku mbele.

Mzee Thoya hakugeuka. "Kuku huyu anatafuta nini hapa?" aliuuliza ukuta.

"Mwambie ni wa kosa," Nyamvula akamwambia mumewe, macho chini.

"Ni wa kosa, baba," Masha akasema.

"Kosa la nani? Mimi nilikuwapo. Niliona mtu akisukumwa, akaniangukia. Tangu lini aliyesukumwa akalipa?" Akalitafuna lile neno kidogo. "Mfungueni kuku, ana mayai."

Asubuhi alivaa koti lake, akawachukua wazee wawili wa ukoo mpaka mlangoni kwa Mwarandu. Waliketi chini bila kukaribishwa, na wakaeleza, bila kupaza sauti, kwamba aliyelitoa jina la mzee kinywani mwa mke wa mwanawe anadaiwa mbuzi. Kama hana, si neno. Ila siku akifa, wao hawatakuwa na nafasi ya kuja kumzika. Mwarandu aliwatajia Sheikh. Wakamuuliza kama Sheikh ndiye atakayechimba kaburi.

Mbuzi alitoka. Mzee Thoya hakupita naye njia ya mkato. Alipita barabara kubwa, taratibu, akimsalimu kila mtu, na kila aliyesalimiwa aliuliza mbuzi mzuri huyu katoka wapi, naye akajibu kila mmoja, kwa ukamilifu, bila kuchoka. Walipochinja, maini yaliletwa jikoni kwa Nyamvula, yamefunikwa jani la mgomba. Aliyala kwa raha. Alijua Mwarandu yu umbali gani, na upepo unavuma kuelekea wapi.

Lakini huyo alikuwa mbuzi tu. Hesabu ya Sheikh ilikuwa bado.

Matokeo yalipotangazwa, Nicanor alikuwa ameshinda kwa mbali sana. Kura za Sheikh Ghanim hazikufika hata idadi ya sahani zilizotoka kwake siku ile ya pilau. Watu walisikia habari wakaingia ndani, wakafunga milango, wakacheka huku wamejiziba midomo. Nyamvula hakucheka. Haikuwa kura moja, na haikuwa yake peke yake. Alijiona kama mtu aliyejiandaa kwa ngumi akakuta adui kashaangushwa na mafuriko.

"Atakuja," Masha alimwambia. "Ameanza nyumba za kule chini, anapita mlango kwa mlango. Akikuuliza, mwambie ulimpa."

"Sitasema uongo."

"Mke wangu, nakuomba. Nyumba hii ina mtoto."

"Nataka ajue. Nilikwambia tangu mwanzo."

Sheikh alifika baada ya sala ya alasiri, na bakora yake na Mwarandu nyuma yake. Alikuwa amenyolewa vizuri, kanzu imepigwa pasi, lakini macho yalikuwa yamezama kama ya mtu anayelala kwa kuvizia.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, Sheikh. Shikamoo."

"Marahaba. Masha, baba yangu, mimi sina ugomvi. Nataka kujua tu. Wewe ulinipa?"

"Nilikupa, Sheikh." Masha alisema akitazama ndara zake.

"Na mzee?"

"Nilikupa wewe," mzee Thoya akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Nimpe nani, yule nisiyemjua?"

Sheikh akatikisa kichwa polepole. Alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu asubuhi, kwa kila mlango, na wote walimkaribisha maji. Akamgeukia Nyamvula. "Na wewe, mwanangu?"

Neno lilikuwa tayari. Nyamvula alikuwa amelibeba siku zote hizo, na sasa lilifika mpaka ncha ya ulimi. Akayainua macho yake kama siku ile ya barazani. Akaona kitu ambacho hakukitegemea. Sheikh alikuwa anamwomba. Alikuwa amesogea hatua moja, shingo mbele, macho yamefunguka. Kati ya shamba zima ni huyu aliyemtegemea aseme ukweli. Alitaka mtu mmoja. Akimpata mmoja, angekuwa na wa kumchukia, angemfukuza mmoja huyo, angerudi barazani kwake akasema ni yule mwanamke mkorofi na watu wake, na usiku angelala.

Nyamvula alimtazama muda wa kutosha. Kisha akaikusanya leso yake, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa na mamake.

"Nilikupa wewe, Sheikh," akasema, na safari hii hakuchelewa hata kidogo. "Kadi yangu ililiwa na panya, nikenda kwa miguu. Mwarandu shahidi. Jina la mkwe wangu nililitaja mbele za watu, jambo ambalo kwetu halifanywi, ili nipewe karatasi. Mwanamke ajivunjie heshima yote hiyo, kisha asikupe?"

Mwarandu alitazama pembeni. Sheikh Ghanim alibaki akiusoma uso ule, juu mpaka chini, chini mpaka juu, na hakukuta humo ila adabu.

"Ahsante, mwanangu," akasema hatimaye. Sauti ilitoka nyembamba.

"Karibu maji, Sheikh. Jua kali."

Hakuyataka. Aligeuka, bakora ikitangulia, akaelekea nyumba inayofuata. Nyamvula alibaki pale pale, mtoto akimvuta hereni, akasikiliza. Kabla hodi haijaisha, Bi Kuluthum alikuwa keshafungua mlango, na sauti yake ya mjini ikavuka ukuta, imejaa huruma, haina haraka.

"Ghanim, mwana wa ami yangu, karibu, karibu ukae. Habari za matokeo zimeniuma, wallahi. Maana sisi huku, wacha nikwambie, sote tulikupa wewe."